Usikimbilie darasa la juu la yoga: bega langu lilinifundisha

Miezi minne tu baada ya kuanza yoga nilijipandisha darasa mwenyewe. Niliwaona wenzangu pale Masaki wakisimama kwa kichwa, nikajiuliza, kwani wana nini wao? Mwalimu wa darasa la juu hakuniuliza nimefanya kwa muda gani. Alihesabu mikeka, akaanza.

Wiki ya tatu bega la kulia likagoma. Halikuteguka, liliuma tu kwa ndani, na nilikuja kulijua vizuri kwenye daladala ya Mwenge: nikinyoosha mkono kushika bomba, naona nyota. Miezi miwili nilishika kwa kushoto, konda akinisukuma, "Songa nyuma dada, kuna nafasi."

Unaweza kudhani ni kule kusimama kwa kichwa. Wala. Ilikuwa chaturanga, ule mkao wa kujishusha taratibu viwiko vikiwa vimebana mbavu. Mimi mabega yalikuwa yanazama chini kuliko viwiko. Mara moja si neno. Lakini kuna salamu ya jua, ule mfululizo wa mikao ya kuanzia darasa: ya kwanza ina chaturanga moja, ya pili ina tatu. Ukizifanya tano tano kama wanavyofanya watu wa Ashtanga, mtindo mmoja wa yoga, umeshajishusha mara 20 kabla hata ya mikao ya kusimama. Kosa dogo mara 20, siku tatu kwa wiki. Hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana napenda utaratibu wa Pattabhi Jois, mwalimu wa Ashtanga kule Mysore, India: mwanafunzi alipewa mkao mmoja mmoja, na hakuongezewa mwingine mpaka ule alionao umekaa sawasawa. Sisi huku tunajiongezea wenyewe kwa kutazama video.

Halafu Dar ina udanganyifu wake. Februari, kwa joto lile na unyevu ule, mwili unalegea wenyewe. Unainama unagusa vidole vya miguu, unajiona umefuzu. Rudi Julai alfajiri, kabla jua halijachomoza, ujaribu mkao uleule. Huo ndio mwili wako halisi.

Siku hizi kipimo changu ni pua. Nikikaa kwenye mkao kwa pumzi tano, zote za puani, bila kukunja uso, basi mkao huo ni wangu. Mdomo ukifunguka, bado. Kesho yake nasikiliza: misuli kuchoka ni kawaida, lakini kiungo kikiuma, yaani bega, goti au kifundo cha mkono, narudi nyuma bila mjadala. Na kuna hili ambalo watu hawalisemi: je, unaweza kupiga magoti upumzike wenzako wakiendelea, usione aibu? Mimi sikuweza. Hapo tu nilipaswa kujua kwamba sijafika.

Kulichoka darasa la wanaoanza si dalili ya kuiva, kwa taarifa yako. Nililichoka kwa sababu nililifanya mbiombio. Niliporudi na bega langu, nikawa najishusha magoti yakiwa chini kama siku ya kwanza, niligundua darasa lilelile ni gumu kweli.

Nilikaa huko karibu mwaka mzima, hadi mwalimu mwenyewe aliponiambia nijaribu la juu. Sasa nipo. Kwa kichwa bado nasimamia ukutani, kwenye kona ya feni.