Alfajiri ya Glasgow mwezi wa sita: usichanganyikiwe

Wa alaykum salaam dada, umeuliza kwa nini mwanao aliyeko Glasgow, Uskoti, apu moja ya nyakati za swala inamwambia Alfajiri ni saa saba na robo usiku na nyingine saa tisa na nusu. Zote hazijaharibika. Sisi hapa Mwanza tuko karibu na ikweta, jua linazama moja kwa moja, giza linaingia haraka, na kati ya adhana ya Alfajiri na jua kuchomoza ni kama saa moja na dakika kumi hivi mwaka mzima, ndo maana hatuzijui shida hizi. Kule mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku na kuchomoza saa kumi na nusu, na kuanzia katikati ya mwezi halishuki hata nyuzi 11 chini ya upeo wa macho, wakati hesabu nyingi zinataka liwe nyuzi 15 au 18 chini ndo Alfajiri iingie. Yaani ile alama yenyewe ya kuingia Alfajiri haipo kabisa, so wanazuoni wamekadiria, wengine wanagawa usiku katikati (hiyo saa saba), wengine wanagawa usiku mafungu saba na kuchukua la mwisho, ambalo linaanza kama dakika 55 kabla ya jua (hiyo saa tisa na nusu).

Mwambie afuate ratiba ya msikiti anaoswali, basi, asihamehame apu kila siku kutafuta nafuu. Akifunga sunna aache kula mapema, ila swala aiswali baada ya ule muda wa pili, wa saa tisa na nusu, kabla jua halijatoka, hapo hamna wa kumbishia.