Kuacha benki ukasome sheria
Dada unayeuliza kama uache kazi ya benki ukasomee uwakili ukiwa na miaka 38, umri si kikwazo. Tatizo ni muda. LLB (shahada ya kwanza ya sheria) hapa Tanzania ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo, halafu Law School, shule ya mafunzo ya vitendo ya sheria, ndipo uape uwakili. Pale wengi hukwama: matokeo ya 2022, kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu moja kwa moja. Kwa hiyo mshahara usiuache kwanza, Chuo Kikuu Huria utasoma huku unafanya kazi. Kabla ya kulipa ada, omba ruhusa kazini ukashinde siku nzima mahakamani Kisutu, Dar es Salaam, uone wakili na mafaili yake kwapani akingoja kesi iitwe, kisha iahirishwe. Ukitoka bado unaitaka, jisajili. Ujuzi wako wa mikopo na dhamana ni mtaji mkubwa kwenye kesi za benki.