Maswali na Majibu: "Jana Ulikwenda Wapi?"

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mwezi uliopita vijana wawili wenye vishikwambi walifika nyumbani kwetu, wakataka kila mmoja wetu aeleze jana alikwenda wapi, alitoka saa ngapi, alipanda nini na alilipa nauli kiasi gani. Mama mkwe aliwafungia mlango akidhani ni watu wa kodi. Mimi niliwajibu, lakini sijaelewa safari yangu ya Kariakoo kununua vitenge inamsaidia nini mtu anayepanga barabara. (Mama wa watoto watatu, Mbagala Rangi Tatu)

JIBU: Marahaba, mama. Mama mkwe wako simlaumu, kwa maana mgeni anayedadisi nyendo za watu bila kutanguliza kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa anastahili kufungiwa mlango. Ila kama walikuwa navyo, basi kazi yao inaitwa utafiti wa safari za kaya, na ndiyo mzizi wa mpango wowote wa usafiri wa mkoa.

Wanauliza habari za jana kwa makusudi. Ukimwuliza mtu kwa kawaida anakwenda wapi, atakutajia kazini na nyumbani, basi. Hatakumbuka kwamba alipotoka alimfikisha mtoto shuleni, akapitia dukani kutuma pesa ndipo akaenda kazini, na jioni akashuka Mtoni Mtongani kununua samaki kabla ya kurejea nyumbani. Kwa hesabu ya mpangaji, hizo si safari mbili bali ni tano, na kwa niliyoyaona katika kazi hii, safari za namna hiyo, fupi na zilizofungamana, ni za kina mama zaidi kuliko kina baba. Dodoso lisilozinasa huzaa mpango wenye barabara pana za kuelekea mjini asubuhi na usio na hata njia ya miguu kutoka nyumbani hadi sokoni.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na hakuna mwenye ubavu wa kuwahoji wote. Huchaguliwa kaya chache kwa bahati nasibu, kwa kutumia maeneo yaleyale ya kuhesabia watu yaliyotengwa wakati wa sensa, kisha kila jibu hupewa uzito wake: ikiwa imehojiwa kaya moja katika kila mia, safari yako ya vitenge husimama badala ya safari mia moja. Mama mkwe wako alipofunga mlango, nafasi yake haikubaki wazi; ilijazwa na majirani waliofungua, ambao huenda ni vijana wasioijua foleni ya kliniki ya wazee.

Baada ya hapo mji hukatwa vipande viitwavyo kanda, na modeli ya safari, yaani hesabu za kukadiria nyendo za watu, ambayo ilikomaa Marekani katika miaka ya 1950 kwenye miji ya Detroit na Chicago, hujiuliza mambo manne kwa mfuatano: kila kanda inatoa safari ngapi, zinaelekea kanda zipi, zinatumia chombo gani, na zinapita barabara ipi. Vitenge vyako vinahitajika hasa katika hilo la pili. Kariakoo yenye maduka tele huvuta watu kutoka kila pembe ya mkoa, lakini mvuto huo hufifia kadiri muda na nauli vinavyoongezeka, na kiasi cha kufifia kwake hakiwezi kukisiwa na mtu aliyeketi ofisini. Hupatikana kwa kumwuliza mtu kama wewe, uliyeifuata Barabara ya Kilwa yote kwa ajili ya kitenge ilhali Mbagala kuna soko.

SWALI: Mimi ni konda wa daladala. Buguruni nimewakuta watu wamekaa pembeni mwa barabara wanahesabu magari kwa kalamu, na wengine wamepanda gari letu wanaandika nani kapanda na nani kashuka. Siku hizi kila abiria ana simu. Kwa nini wasichukue data za simu wakaachana na mateso hayo ya jua? (Konda, Gongo la Mboto)

JIBU: Ndugu konda, simu inasaidia, lakini inajua mnara ulioihudumia tu, haijui sababu ya safari wala chombo ulichopanda. Katika Barabara ya Nyerere, aliye ndani ya gari lake na aliyening'inia mlangoni kwako huenda kwa mwendo uleule katika foleni ileile, na kwa mnara wote ni nukta zinazofanana. Tena wakazi wengi wa mji huu wana laini mbili au tatu, huku mwenye kiswaswadu akionekana tu pale anapopiga au kupigiwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hairuhusu nyendo za mtu zichukuliwe kiholela, na mimi naona ni sawa.

Wale waliopanda gari lenu wanatafuta kitu ambacho hakuna mashine inayokijua, nacho ni ruti ilivyo hasa, si ilivyoandikwa kwenye leseni. Jijini Nairobi, kabla ya 2014, wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi njia na vituo, na ramani iliyopatikana ilionyesha ruti zaidi ya 130 ambazo hazikuwa zimewahi kuwekwa pamoja katika ramani moja.

Kwetu hapa kuna mitego miwili ambayo wewe unaijua kuliko mimi. Wa kwanza ni kugeuza: abiria wa jioni anayerudi nyumbani anapanda gari linaloelekea mwisho wa ruti mjini, anageuka nalo ili apate kiti, na karani asiye mwenyeji anamwandika kama msafiri wa pande mbili, hivyo mpango unadhani kuna watu wengi wanaokimbilia mjini saa kumi na mbili jioni. Wa pili ni wenu ninyi wenyewe, kukatisha ruti. Abiria aliyelipa kufika mwisho wa safari akateremshwa njiani na kupanda gari jingine amefanya safari moja kwa vipande viwili. Akihesabiwa mara mbili, takwimu zinasema daladala zina wateja tele, kumbe ni mtu mmoja aliyelipa nauli mara mbili.

SWALI: Ninasoma mipango miji. Mhadhiri wetu anasema modeli inaweza kutabiri msongamano wa miaka 20 ijayo. Je, hiyo ni sayansi au ni ramli? (Mwanafunzi, Makongo)

JIBU: Inategemea unatabiri nini. Kabla ya treni ya BART kuanza kazi katika eneo la San Francisco mwaka 1972, makadirio rasmi yalisema asilimia 15 ya wasafiri wataitumia. Mchumi Daniel McFadden na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwahoji wasafiri, wakachunguza kila mmoja anavyopima muda, nauli na usumbufu anapochagua chombo, wakakadiria asilimia 6.3. Treni ilipozoeleka, ikawa asilimia 6.2. Mwaka 2000 McFadden alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa nadharia hiyo ya uchaguzi.

Lakini hapo walitabiri uchaguzi wa watu ambao makazi na kazi zao zilikwisha kujulikana. Ugumu wa miaka 20 ni kujua watu watalala wapi. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 hadi hao 5,383,728, ongezeko la takribani asilimia 23, ilhali Mkoa wa Pwani ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani takribani asilimia 84. Yeyote aliyesimama Kiluvya, Vikindu au Mapinga saa kumi na moja alfajiri anafahamu kwamba sehemu ya ongezeko hilo inafanya kazi Dar es Salaam. Mpango unaoishia kwenye mpaka wa mkoa huwaona watu hao kama wageni waliozuka barabarani, na ndiyo maana mimi husisitiza vituo vya kuhesabia na kuhoji viwekwe mpakani, na kaya za Kibaha na Mkuranga zihojiwe pamoja na za Mbezi na Chamazi.

Kuhusu msongamano wenyewe, kanuni inayotumika sana ilitolewa na Idara ya Barabara za Umma ya Marekani mwaka 1964. Magari yakifikia uwezo wa barabara, muda wa safari huongezeka kwa asilimia 15. Yakizidi hadi mara mbili ya uwezo, safari ya dakika 20 barabara ikiwa tupu huwa ya dakika 68. Ni hesabu nzuri kwa barabara kuu ya kule ilikotoka. Haijui daladala inayosimama popote abiria alipoinua mkono, wala haijui kwamba mvua kubwa ikinyesha bonde la Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa, mwendokasi ikiwemo. Ukikabidhiwa modeli, uliza kwanza ilipimwa kwa barabara ipi na ya siku gani.

SWALI: Je, bodaboda katika hesabu hizi ni sawa na gari zima? (Dereva wa bodaboda, Tegeta)

JIBU: Hapana. Vyombo vyote hugeuzwa kuwa vizio vya gari dogo: pikipiki huhesabiwa kama sehemu tu ya gari, na basi kubwa kama magari mawili au zaidi. Viwango hivyo hutofautiana kati ya nchi na nchi, na vya kuazima havitufai sana, kwa kuwa ninyi hupenya hadi mbele ya taa mkajipanga mnavyotaka. Kwa upande wangu, ningependa karani aandike pia idadi ya watu waliomo, kwa sababu basi refu la mwendokasi lenye abiria zaidi ya mia moja na magari matatu yenye dereva peke yake huweza kuchukua nafasi ileile ya lami.