Maswali ya simuleta: kiwanja cha ndege kinachoelea Atlantiki

Nataka kutengeneza kwenye FlightGear, simuleta ya ndege ya kompyuta, kile kiwanja cha kuelea ambacho Armstrong alipanga kukiweka katikati ya Atlantiki. Nikiunde kama meli ya kubebea ndege, ili kiyumbe na mawimbi? (Msomaji, Tanga)

Usikiyumbishe. Ukikiyumbisha umekosea historia kabla hata hujaanza. Edward Armstrong alibuni seadrome yake, yaani kiwanja hicho cha kuelea, hasa ili isiyumbe. Sitaha ilikaa juu ya nguzo ndefu, na matangi ya kuielesha yalikuwa chini ya maji, kule ambako msukosuko wa mawimbi ya juu haufiki. Wimbi lilipita katikati ya nguzo bila kupata pa kusukuma. Cha kwanza, kilichopewa jina la Langley, kilipangwa kutiwa nanga kati ya New York na Bermuda, lakini soko la hisa likaanguka Oktoba 1929 na fedha zikakauka.

Kwa hiyo mfumo wa meli, wenye mwendo na nyaya za kunasia ndege, huuhitaji. Chora kitu kisichosogea, tena ni kazi rahisi zaidi.

Vipimo vya Armstrong vilibadilika toleo hadi toleo. Chukua urefu wa futi 1,100, yaani mita 335, na sitaha iwe futi 70 juu ya maji, yaani mita 21. Kwa upana, weka mita 100 katikati na upunguze kuelekea ncha. Chora kwa mita, na sifuri ya modeli iwe kwenye usawa wa maji, siyo chini ya nguzo. Nguzo zishushe mita 5 tu chini ya maji, kwani hakuna atakayeziona zaidi ya hapo. Nguzo moja yenye pande 12 inatosha. Inakili, usichore kila moja upya. Ngozi ya sitaha, yaani picha inayobandikwa juu ya modeli, ya piseli 2,048 kwa urefu itakupa takriban sentimita 16 kwa kila piseli, na mstari wa katikati utasomeka vizuri kutoka hewani.

Na kwa wanaouliza kuhusu mviringo wa dunia: kwenye mita 335, katikati na ncha zinatofautiana kwa milimita 2 hivi. Chora sitaha bapa.

Modeli imekamilika, iko kwenye faili la .ac. Sasa naiweka wapi? Baharini hakuna kiwanja cha kuibandika. (Msomaji, Kampala)

FlightGear hugawa dunia katika vigae, na kila kigae kina namba yake. Pasipo na ardhi, programu hujaza bahari yenyewe, kisha husoma kama kawaida faili lako la .stg, yaani orodha ya vitu vya kuwekwa kwenye kigae hicho. Kazi ni kupata namba ya kigae, kwani ndiyo jina la faili hilo.

Tuseme umechagua nusu ya njia kati ya New York na Bermuda: latitudo 36.55, longitudo -69.40. Shusha kila moja hadi namba nzima iliyo chini yake: 36 na -70. Wengi huteleza hapa, wanaandika -69. Kwenye namba hasi, kushuka ni kwenda magharibi.

Jumlisha 180 kwenye longitudo: 110. Zidisha kwa 16,384: 1,802,240. Jumlisha 90 kwenye latitudo: 126. Zidisha kwa 64: 8,064. Sasa sehemu zilizobaki. Latitudo imebaki 0.55, zidisha kwa 8, unapata 4.4, chukua 4, zidisha tena kwa 8: 32. Longitudo kutoka -70 hadi -69.40 ni 0.60. Kati ya latitudo 22 na 62 kigae kina upana wa robo digrii, kwa hiyo gawa kwa 0.25, unapata 2.4, chukua 2. Jumla yote: 1810338.

Tengeneza folda hivi:

Bahari/Objects/w070n30/w070n36/

Ndani yake weka modeli, ngozi yake, na faili liitwalo 1810338.stg lenye mstari huu mmoja:

OBJECT_STATIC seadrome.ac -69.40 36.55 0 0

Longitudo hutangulia, kisha latitudo, kimo, na mwelekeo. Kwenye desimali tumia nukta, siyo mkato. Mwelekeo anza na 0, ruka ukautazame, kisha rekebisha. Kumbuka kwamba namba hiyo ikiongezeka kitu huzunguka kinyume cha saa. Mwisho, iambie programu njia ya folda kwa --fg-scenery, ukiitaja Bahari, siyo Objects.

Sitaha yangu imesimama wima kama ukuta, mistari inamemeteka, na nikianzia pale najikuta majini chini ya kiwanja. (Msomaji, Mombasa)

Ni makosa matatu tofauti. Ukuta unatokana na mhimili: faili la .ac huhesabu Y kuwa juu, Blender, programu ya kuchorea modeli, huhesabu Z. Kiongezo cha Blender cha kuhamishia modeli kwenda .ac hugeuza chenyewe, kwa hiyo ukigeuza na wewe kwa mkono, umegeuza mara mbili.

Mistari inamemeteka kwa sababu umeichora kama bamba jingine kwenye kimo kilekile cha sitaha, na kadi ya picha haijui lipi liko juu. Ifute, uichore ndani ya ngozi yenyewe.

La majini: huenda ndege huwekwa mahali pake kabla modeli haijapakiwa. Anzia hewani, kwa kuiwasha programu na maagizo haya:

--lat=36.55 --lon=-69.30 --altitude=1500 --heading=270 --vc=90

Je, kwenye X-Plane, simuleta nyingine, nifanyeje? (Msomaji, Muscat)

Usiweke njia ya kurukia ya kawaida. Italala juu ya maji, chini ya sitaha. Kwenye faili la kitu andika ATTR_hard_deck kabla ya pembetatu za sitaha na ATTR_no_hard baada yake. Ukiandika ATTR_hard tupu utatua vizuri, ila sahau kupita chini kati ya nguzo.

Cessna 172P, ile ndege ndogo ya injini moja, itatosha pale? (Msomaji, Arusha)

Kutua, bila wasiwasi: kitabu chake kinatoa takriban mita 165 za kukimbia chini, bila upepo. Kuruka huhitaji takriban mita 271 ikiwa na uzito kamili, kwa hiyo zinabaki 64. Hakuna mti mbele, na ukingoni una mita 21 za hewa chini yako, lakini usizitegemee. Geuza sitaha itazame magharibi, uongeze --wind=270@15. Ukigusa sitaha, altimita itasoma futi 70, siyo sifuri. Anayesubiri sifuri hupiga ukingo.

Kutoka New York hadi Bermuda ni kama maili 670 za baharini. Kwa matangi ya kawaida ya galoni 40, ndege hii haifiki. Lakini nusu yake, maili 335, inazifikia, na ukifika sitahani jaza mafuta kwenye menyu kabla ya kuondoka.