Maswali na Majibu: Bango Kwanza, Usajili Baadaye?

Juma hili barua karibu zote zinahusu jambo moja: kufungua chuo. Tanga imeshikwa kweli. Kila mwenye nyumba yenye vyumba zaidi ya sita anaona madarasa. Nimechagua tisa, yaliyobaki ni yaleyale kwa mwandiko mwingine.

*Salaam mwalimu. Nimestaafu, nina nyumba ya ghorofa moja Chumbageni, vyumba kumi. Nataka niigeuze iwe chuo cha uuguzi. Nianzie wapi? (Mstaafu, Chumbageni)*

Mzee mwenzangu, popote ila kwenye nyumba. Nyumba ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo inayowaponza wengi, maana mtu akishaona kuta anadhani kamaliza.

Chuo cha uuguzi kinasajiliwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Watataka kujua kwanza mwenye chuo ni nani kisheria: kampuni iliyosajiliwa BRELA, au bodi ya wadhamini, au taasisi inayotambulika. "Mimi na mke wangu" si jibu. Halafu wataulizia hati ya kiwanja au mkataba wa pango, fedha za kuendeshea chuo kabla ada hazijaingia, walimu wenye sifa pamoja na mikataba yao, mtaala, maktaba, chumba cha mazoezi chenye vitanda na vifaa vya kujifunzia, vyoo vya kutosha, karatasi ya Zimamoto, ripoti ya afisa afya. Na hospitali. Muuguzi hafunzwi ubaoni. Usidhani kwa kuwa nyumba yako iko karibu na Bombo basi una hospitali; ujirani si mkataba. Unatakiwa uwe na makubaliano ya maandishi ya kupokelewa wanafunzi wako wodini, na ujue kuna vyuo vingine vilivyokutangulia kwenye vitanda hivyohivyo.

Na tafadhali usiazime vifaa. Zamani nilifanya kazi ofisi ya taaluma ya chuo kimoja nisichokitaja. Usiku wa kuamkia ukaguzi, hadubini sita ziliingia kwa bajaji zimeviringishwa kanga, zimetoka sekondari ya jirani. Asubuhi zikapangwa mezani, zikapendeza. Mkaguzi, mama mmoja mpole, hakuchungulia hata moja. Aliinua ya kwanza, akaigeuza chini, akasoma jina la shule lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Akairudisha taratibu. Akainua ya pili. Sisi tumejipanga ukutani, mkuu wa chuo anakohoa. Wala hakugomba, aliomba tu aone daftari la mali. Hatukuwa nalo.

Hukuniuliza, lakini nitasema: ikiwa kiinua mgongo ndiyo fedha yako yote, pangisha hiyo nyumba. Chuo kinakula muda mrefu kabla hakijaanza kujilisha.

*Nina leseni ya biashara ya Halmashauri ya Jiji na namba ya mlipa kodi. Si inatosha kuanza? (Ngamiani)*

Inatosha kuuza vitambaa. Chuo, hapana.

*Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi diploma ya famasi chuo fulani kipya. Wanasema usajili uko njiani, nilipe nusu ya ada nianze. Mama ameshauza mbuzi wawili. Nilipe? (Binti, Makorora)*

Marahaba mwanangu. Usilipe. Mwambie mama fedha ya mbuzi aikalie.

Hilo neno "uko njiani" nimelisikia tangu nina nywele nyeusi. Uko njia ipi? Ya Pangani au ya Horohoro? Usajili ama upo ama haupo, na chuo hakiruhusiwi kudahili kabla haujakuwepo. Ukisoma miaka mitatu kwenye chuo kisichotambulika, utatoka na karatasi yenye mhuri mzuri na kazi haina. Matokeo yako hayatakuwa kwenye kumbukumbu za NACTVET, kwa hiyo hutapata ile namba ya uhakiki, AVN, ambayo mwenye diploma anadaiwa anapoomba digrii. Baraza la wafamasia nalo halitakusajili. Atakayepoteza miaka ni wewe. Mwenye chuo atabadili bango afungue saluni.

Namna ya kuhakiki ni nyepesi. Ingia tovuti ya NACTVET, fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huu, tafuta jina la chuo. Ukiliona usishangilie bado. Tazama kama na kozi yako imo, maana chuo kinaweza kuwa na usajili halali na ruhusa ya uuguzi, kikafundisha famasi kwa ujanja. Tazama pia mahali. Usajili wa chuo kilichopo Dar haubebi tawi lililofunguliwa Tanga juzi.

Wakikwambia "mwongozo haujasasishwa," waulize barua yao iko wapi. Chuo halali hakifichi barua. Kinaitundika ukutani mpaka ichakae.

*Hivi NACTE na NACTVET ni kitu kimoja? (Wasomaji wanne, kwa pamoja)*

Mara ya ngapi hii? NACTE ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Baadaye ikaongezewa ufundi stadi, ndipo jina likarefuka. VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ipo bado, ina vyuo vyake na inafundisha, ila ya usajili wa vyuo vya ufundi stadi yako NACTVET. Kateni kipande hiki mbandike jikoni.

*Kuna mtu anasema atanipatia cheti cha usajili kwa wiki mbili, milioni tatu, bila ukaguzi. Nimwamini? (Muheza)*

Mpe milioni tatu ukiwa hutaki kuziona tena.

*Jumuiya yetu ya dini ina ekari arobaini na inataka kuanzisha chuo kikuu. Tumeshamteua Makamu Mkuu wa Chuo. Hatua inayofuata? (Korogwe)*

Mmeanzia kofia, mwili bado. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanza kazi mwaka 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu. Mnaanza kwa maombi na mpango, mnakaguliwa, mnapata leseni ya muda. Ithibati inakuja baadaye mkishaonyesha kwamba mnafundisha kweli. Juu kabisa kuna Hati Idhini, na hiyo hutolewa na Rais. Msichapishe neno "chuo kikuu" hata kwenye fulana kabla TCU haijawaruhusu.

Ekari si hoja. Hoja ni wahadhiri. Mwenye shahada ya uzamivu hapatikani kwa kutangaza msikitini au kanisani, na wa kuazima anayefundisha vyuo vitatu kwa wiki wakaguzi wanamjua kwa jina. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18. Hivyo vilikuwa vyuo vyenye majengo, mahafali na majoho. Vikiyumba vya namna hiyo, ninyi mnaotaka kuanza na shauku mfikirie mara mbili. Maoni yangu: anzeni na chuo cha cheti na diploma, kimoja, kozi mbili, mkiendeshe vizuri miaka kumi. Najua hamtanisikiliza, Makamu Mkuu ameshashona joho.

*Chuo kikuu kimoja cha nje kimekubali tutoe digrii zake hapa Raskazone, sisi tupangishe madarasa tu. Kwa kuwa wao wamesajiliwa kwao, sisi tunahitaji kibali?*

Mnahitaji. Usajili wa kwao unaishia kwao. Digrii ikitolewa kwenye ardhi ya Tanzania, TCU lazima iridhie. Na "madarasa tu" ndiyo maneno ya mwisho watu husema kabla hawajaitwa kutoa maelezo.

*Mimi ni fundi cherehani, nina vijana sita ninaowafunza, wananilipa kidogo. Jirani kanitisha kwamba naendesha chuo bila usajili. Kweli? (Mabawa)*

Dada yangu, tulia, endelea kushona. Kijana anayejifunza kazi kwa fundi wake hajageuza karakana kuwa chuo. Utakapoandika "chuo" mlangoni, ukaanza kuchapa vyeti na kupokea ada ya muhula, hapo jirani atakuwa na hoja na utapaswa kwenda NACTVET. Kwa sasa waulizie VETA mpango wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini hupimwa, akifaulu hupewa cheti kinachotambulika. Uanze wewe mwenyewe, halafu vijana wako. Kati ya barua zote za juma hili, yako ndiyo ya mtu ambaye tayari anafundisha.

*Bango letu la "University" tumeshalisimamisha barabara ya Pangani, maombi tutapeleka mwezi ujao. Tulifunike kwa muda?*

Ling'oeni. Gunia la katani halishindani na upepo wa huko, na TCU wanapita barabara hiyohiyo.