Jibu: Uanze na Mercy au na Charles na Anna?
Ndugu, umeuliza uanze na riwaya za njozi za mwandishi Patricia Briggs zinazomhusu Mercy Thompson au zinazowahusu Charles na Anna. Anza na Mercy, yaani Moon Called ya 2006. Briggs anakuingiza taratibu: Mercy ni fundi wa Volkswagen jimboni Washington, Marekani, anayegeuka koyote, na jirani yake Adam ndiye kiongozi wa kundi la watu-mbwamwitu. Aliyemfundisha ufundi ni mzee Zee, fae (kiumbe wa kichawi) anayeshika chuma bila kudhurika wakati fae wengi chuma huwaumiza. Mfuatilie sana huyo mzee! Mimi nampenda hata kuliko Stefan, yule vampaya. Halafu, ukifika kwa Charles na Anna, soma riwaya fupi Alpha and Omega kabla ya Cry Wolf, riwaya ndefu ya kwanza ya mfululizo wao. Ukiiruka, hutaelewa vizuri kundi la watu-mbwamwitu la Chicago lilimtendea nini Anna.