Daredevil si mnafiki

Mdogo wangu, umeuliza kama Daredevil, yule shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, si mnafiki: mwenyewe haui, lakini mambo yakimzidi anapigana bega kwa bega na Punisher, ambaye anaua. Mimi nakataa. Daredevil, jina lake halisi Matt Murdock, mchana ni wakili, tena Mkatoliki. Akimuua Kingpin, bosi wa wahalifu, usiku, asubuhi atasimama mahakamani kutetea sheria ipi? Punisher, aliyeanzia kwenye kurasa za Spider-Man mwaka 1974, familia yake iliuawa na majambazi. Yeye hana kesi ya kusubiri. Ndiyo maana wakikutana hawakosi kugombana.

Msimu mmoja hapa Mtwara mwizi wa korosho alikamatwa usiku mtaani kwetu, watu wameshaokota mawe. Mzee mmoja akamkinga kwa mwili wake mpaka mgambo wakafika. Na mzee huyo ndiye aliyeibiwa, magunia mawili! Alitukanwa mno. Huruma kwa yule mwizi hakuwa nayo hata chembe, alitaka afikishwe mahakamani basi. Usiku uliofuata alikesha kulinda korosho zilizobaki, pamoja na walewale waliokuwa na mawe.